Samaki Ambaye Mzee Mwiko Hakumpika

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Bwana Kijiko mezani kwa wakwe, kipande cha mkate kimemkwama kooni na macho yamemtoka. Mzee Mwiko, baba wa mchumba wake, alikuwa ameingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati na kuchomoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne.

"Kabla hatujazungumza habari za ndoa," alisema mzee, "nataka msikie alichoniandikia mshenzi mmoja."

Msimpe maji bado. Mwacheni na mkate wake.

Wewe uliyeanza kusoma leo, nakueleza upesi ili wenzako wasininunie. Bwana Kijiko ndiye yule anayezunguka migahawa ya jiji hili, anakula, anafuta mdomo, kisha kila Ijumaa anaandika gazetini nani anapika na nani anachezea moto. Sura yake haijulikani. Mhariri wake alimwonya tangu siku ya kwanza kwamba siku atakayojulikana, ukurasa utapewa mtu mwingine. Hata mchumba wake, dada mmoja mfamasia mwenye maswali mengi kuliko daktari, anadhani jamaa anashughulikia matangazo ya vifo. Na mkahawa alioupasua mwezi uliopita kuliko mwingine wowote mwaka huu ndio huu huu alioletwa leo kutambulishwa. Alipouona ule mlango wa kijani alitamani kugeuza, lakini Mfamasia alikuwa ameshamshika mkono.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mkahawa ulikuwa umefungwa kwa wateja. Mezani walikuwa wanne tu: Mzee Mwiko, mama yake mzazi ambaye wote humwita Bibi, Mfamasia, na mgonjwa wetu.

Mzee aliishika karatasi mbali na uso, lakini hakuwa akisoma. Alikuwa amekwisha kuikariri.

"'Supu ya njegere ilinifanya nifumbe macho.' Sawa. Hapo kasema kweli, supu yangu watu wanafumba macho. Sasa sikilizeni. 'Lakini samaki wa mkahawa huu kauawa mara mbili, kwanza majini, halafu jikoni. Nje ni soli ya kiatu, ndani bado anafikiria kuogelea.'"

"Soma pale pa wahudumu," alisema Bibi. Bibi alikuwa anafaidi kuliko wote kwa sababu yeye hakuandikwa.

"Nakuja huko, mama. 'Wahudumu wa hapa hawana kumbukumbu. Aliyeniletea supu alitoweka. Akaja mwingine akaniuliza nimefika saa ngapi, na kama nataka kuona orodha ya vyakula, utafikiri ndio kwanza nimedondoka kutoka juu.'"

Chini ya meza Mfamasia alimtafuta Kijiko mkono, akaushika. Kijiko naye akauminya wa mwenzake. Uso aliuweka kama mtu anayesikia habari hizo kwa mara ya kwanza, na kwa kweli aliuweka vizuri sana.

Mzee alikunja karatasi yake mara nne na kuirudisha mfukoni.

"Sasa nakuuliza wewe kijana wa gazetini. Miaka ishirini na nane nina mkahawa huu. Tazama ukutani pale, kisha niambie. Samaki umemwona wapi?"

Kijiko aligeuka. Ubao wa vyakula ulikuwa ukutani, umeandikwa kwa chaki, herufi kubwa. Supu ya njegere. Kuku wa kuchoma. Nyama ya mchuzi. Wali. Viazi. Mboga za majani. Alisoma kutoka juu hadi chini, akarudia kutoka chini hadi juu. Samaki hakuwemo.

"Sipiki samaki," alisema Mzee Mwiko. "Sijawahi. Harufu yake inanitibua tangu niko tumboni mwa huyu."

"Nilikuwa nikipita sokoni upande wa samaki, ananipiga mateke," alithibitisha Bibi.

Mkate ukashuka wenyewe.

 Lakini samaki huyo Kijiko alimla. Mifupa yake aliipanga pembeni ya sahani kwa mikono yake mwenyewe. Sasa anaambiwa hapa hakujawahi kupikwa samaki, na anayemwambia ni mtu anayetaka kumwita mkwe.

"Yule mtu hakufika hapa," aliendelea mzee, sauti ikashuka. "Alikaa kwake, akaota samaki, akaniandika mimi. Na toka siku ile sijashika mwiko. Msaidizi wangu ndiye anayepika, anatia chumvi kama anazika. Mimi nikisimama mbele ya jiko nasikia kama kuna mtu nyuma yangu ananicheka."

Aproni yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, imepigwa pasi, haina hata doa. Mfamasia aliitazama, akainamisha kichwa. Alikuwa anaumia kwa ajili ya baba yake, na Kijiko aliona, na yeye pia akaumia.

"Kijana," alisema mzee, "unampenda binti yangu?"

"Sana, mzee."

"Basi niletee huyo Kijiko. Wewe na yeye mnapita mlango mmoja kazini. Jumatano, saa nne asubuhi, akae pale meza ya sita, anieleze huyo samaki alimlia wapi. Ukimleta, binti yangu nakukabidhi kwa mikono yangu miwili. Usipomleta, endelea na marehemu wako."

Mmeona mtego huo? Aambiwe mtu ajilete mwenyewe, tena kwa tarehe na saa.

Kabla Kijiko hajajibu, Bibi akasogeza miwani yake puani ili amwangalie vizuri. Ilikuwa miwani ya fremu nene nyeusi, mkono wa kushoto umefungwa kwa uzi wa buluu. Uzi huo Kijiko aliufunga mwenyewe, kwa vidole vyake, kwa sababu skrubu ilikuwa imepotea.

"Bibi," alisema polepole, "miwani yako nzuri."

"Nimeokota, mjukuu wangu. Kuna mteja aliiacha pale meza ya sita kando ya bakuli la supu, akaenda msalani, asirudi tena. Supu kainywa bure, lakini miwani imelipa. Tangu nimeivaa naona hadi aibu za majirani. Akirudi simpi."

Hapo kumbukumbu zikaanza kumrudia moja moja. Supu ilikuja inafuka. Mvuke ukaziba vioo. Akaivua miwani, akaiweka mezani, akanywa supu yote huku amefumba macho. Baadaye ndipo alipokwenda kunawa. Kwa mwezi mzima alikuwa anamlaumu dereva wa teksi kwa kuondoka na miwani yake, na mpya aliyovaa sasa bado ilikuwa inambana masikio.

"Samahani, mzee," alisema, akasimama. "Msalani ni wapi?"

Nyuma ya mkahawa kulikuwa na korido nyembamba, upande mmoja makreti ya soda, upande mwingine mapipa ya taka. Choo kilikuwa katikati. Kijiko aliingia, akanawa mikono, kisha kwa ajili ya utafiti akaivua miwani na kuitia mfukoni. Akatoka kama alivyotoka siku ile. Miguu ikampeleka kulia.

Akasukuma mlango, akaingia ukumbini.

Meza zilikuwa zile zile. Vitambaa vya plastiki vya miraba miekundu na myeupe vilikuwa vile vile. Hata meza ya kona karibu na dirisha, kama ile ya sita, ilikuwepo, na kiti chake kimevutwa kidogo nje kama kinamngoja. Ila wakwe hawakuwepo, na kulikuwa na harufu.

Akavaa miwani.

Ubaoni paliandikwa samaki wa kukaanga, samaki wa kuchoma, samaki wa mchuzi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, supu ya samaki. Nje ya dirisha palikuwa na mtaa mwingine kabisa, wenye duka la matairi. Migahawa ilikuwa miwili, imepeana migongo, kila mmoja unatazama mtaa wake, na katikati yao choo kimoja. Siku ile alipotea njia akitafuta teksi ya kurudi nyumbani, akailaumu manispaa kwa kubadilisha barabara bila kutangaza.

"Eh, wewe," ilisema sauti nzito nyuma yake. "Si wewe wa mwezi uliopita? Mbona ulituhama?"

Alikuwa mama mmoja mnene, kilemba kimekaa upande, kisu mkononi na magamba ya samaki hadi kwenye viwiko. Wateja wanamwita Mama Samaki.

"Nilikuwa nimesafiri, mama."

"Ulikula samaki wote ukabakiza mifupa. Nikakuuliza, vipi, ukaniambia, mama, mikono yako ibarikiwe. Neno hilo nimelihadithia nyumba nzima."

Ni kweli alisema hivyo. Ndivyo wanavyofanya kazi watu wa aina yake: mpishi akija mezani wanamsifu, kisha wanakwenda zao na kumchinja kwenye karatasi. Mimi simtetei.

"Meza hizi, mama," alisema Kijiko ili abadilishe maneno, "naona zinafanana na za jirani yako."

"Tulizinunua pamoja kwa fundi mmoja, kabla hatujanuniana. Huu mwaka wa kumi na moja hatusalimiani."

"Mligombania nini?"

"Choo. Nani asafishe. Sasa tunakwenda kwa zamu, yeye siku yake, mimi siku yangu, lakini salamu hakuna." Mama Samaki akaegemea meza, uso ukachangamka. "Halafu sikia kichekesho. Yule Kijiko wa gazetini kamsema jirani yangu kwamba samaki wake soli ya kiatu. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Yule baba hapiki samaki. Angekuja kwangu huyo Kijiko, angejua samaki ni nini."

Kijiko alicheka pia, cheko fupi lisilo na pumzi. Akaaga. Akatoka kinyumenyume, macho yake kwenye kile kisu.

Mkahawa mmoja aliuandika kwa kosa la mwingine, na huo mwingine ulikuwa unajiona umepona. Hasara ilikuwa imemwangukia mzee ambaye kosa lake pekee ni supu yenye mvuke.

Jioni Mfamasia alimsindikiza hadi nje, wakasimama kwenye kibaraza.

"Nina jambo nataka kukuambia," alianza Kijiko.

"Najua."

"Unajua?"

"Humjui huyo Kijiko, na unaona haya kumwambia baba."

"Siyo hivyo. Ni kwamba mimi na Kijiko..."

"Hamuongei. Nimekuona ulivyotoa macho baba alipomtaja." Akamwekea kola ya shati vizuri. "Baba yangu ni mtu mzima, lakini akivunjika moyo anakuwa mtoto. Nataka arudi jikoni kwake. Na wewe nakutaka. Vyote viwili nitavipata. Niachie mimi."

"Utafanya nini?"

"Niachie mimi, nimesema."

Hapo palikuwa mahali pa kumpasulia ukweli. Barabara ilikuwa tupu, dada wa watu amemkaribia, na maneno matatu tu yalihitajika. Jamaa akasema usiku mwema, wakati hata jua lilikuwa bado halijazama. Nimemwandika huyu mtu wiki kumi na moja, na siku ile nilitamani kuacha.

Lakini sikuacha, kwa sababu Jumanne alinishangaza. Alikwenda kwa mhariri wake, akasimama mbele ya meza yake.

"Kesho nitajulikana," alisema.

"Na nani?"

"Na baba mkwe."

Mhariri hakuinua kichwa. "Basi keshokutwa natafuta mtu mwingine. Funga mlango, vumbi linaingia."

Miaka saba ya kazi iliishia hapo, na Kijiko alishuka ngazi akijisikia mwepesi. Alikuwa ameamua.

Jumatano, saa nne kasoro dakika mbili, aliusukuma mlango wa kijani. Shati jeupe, kiatu kimepigwa rangi, hotuba ameipanga kichwani mara ishirini. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na miwani yake, kama mtu aliyekata tiketi. Mzee Mwiko alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mfamasia alikuwa kando yake, na alipomwona mchumba wake akashtuka.

"Umekuja peke yako," alisema mzee.

"Nimekuja peke yangu, mzee, na nimemleta. Kijiko ni mimi."

 Kisha Bibi akaanza kucheka, mzee akamfuata, wakacheka hadi mzee akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu lile gazeti litoke.

"Mwanangu," alisema akifuta macho, "nimekuelewa. Umemkosa, ukaona bora ubebe lawama mwenyewe nisikunyime binti. Umenifurahisha kuliko ungemleta. Lakini Kijiko yuko hapa tangu saa tatu na nusu."

Akanyoosha mkono kuelekea meza ya sita.

Alikaa pale mtu mmoja mpana, amevaa koti la suti lililombana mabega, kitambaa kimechomekwa shingoni, mbele yake mabakuli mawili matupu na la tatu linaelekea huko. Akainua kijiko chake kwa adabu.

"Habari za asubuhi," alisema. "Mimi ndiye."

"Kaomba radhi vizuri sana," alisema mzee. "Anasema siku ile alikuwa na homa kali, akarudi nyumbani akaweweseka, akaandika samaki wa ndotoni. Binti yangu ndiye aliyemtafuta akamleta. Nimemsamehe."

Kijiko alimtazama mzee vizuri, akaona kitu ambacho hakukiona alipoingia. Mzee Mwiko alikuwa amevaa aproni. Ilikuwa na doa la njegere kifuani, bichi kabisa. Alikuwa amerudi jikoni.

Sasa fikirini nafasi aliyokuwa nayo. Mzee amepona. Binti ni wake, kwa mikono miwili. Hata ukurasa wake gazetini angeweza kuupigania, kwani amejulikana na nani? Maungamo yake yalichukuliwa kuwa upendo. Alichotakiwa kufanya ni kukaa, kucheka na wenzake, na kufunga mdomo. Wewe na mimi tungefunga.

Na yeye alikuwa anakaribia kuufunga. Kiti alikuwa ameshakivuta. Ndipo yule mtu wa meza ya sita alipopeleka kijiko mdomoni, akafumba macho kwa madaha, akasema, "Mzee, kwa supu ya maharage huna mpinzani jijini."

"Ni njegere," alisema Kijiko.

Lilimtoka lenyewe. Uaminifu haukuhusika hapo. Ilikuwa hasira ya kazi tu, kama fundi seremala anayeona msumari umepigwa upande.

"Maharage, njegere, si ndugu hao," alisema yule mtu.

"Si ndugu. Ni njegere kavu, zimelowekwa kutwa, zikachemshwa na kitunguu kizima ambacho hutolewa kabla ya kuzisaga. Pilipili manga imetiwa mwishoni moto ukiwa umezimwa. Ndiyo maana inakuja baadaye, kooni."

Mzee Mwiko alikuwa ameacha kucheka. Alimwangalia mtu wa meza ya sita, kisha akamgeukia Kijiko.

"Habari ya kitunguu hakuna anayeijua," alisema. "Hata msaidizi wangu hajui."

Basi Kijiko akasimama akatoa yote. Hotuba aliyoipanga ilipotea, akabaki na maneno ya kawaida. Alieleza mvuke wa supu, miwani mezani, choo, kugeuka kulia badala ya kushoto. Alieleza meza za fundi mmoja, mhudumu aliyemuuliza amefika saa ngapi, na samaki. Bibi aliivua ile miwani, akaukagua uzi wa buluu, akamkagua Kijiko, akaivaa tena.

"Siirudishi," alisema.

"Samaki yule hakuwa wako, mzee," alimaliza Kijiko. "Alikuwa wa jirani. Nilikuandika wewe kwa kosa langu, na nimekuumiza. Nisamehe."

Kitu kilianguka nyuma yao. Mlango wa korido ulikuwa wazi, na kwenye mlango alisimama Mama Samaki, ndoo miguuni, brashi ya choo mkononi. Jumatano ilikuwa zamu yake.

"Samaki wangu," alisema, "ndiye soli ya kiatu?"

 Mzee hakumwangalia, macho yake yalikuwa kwa binti yake.

"Mwenye homa umemleta wewe," alimwambia. "Na huyu mchumba wako wa chooni umemleta wewe. Mmoja hapa ni mwongo. Niambie ni yupi."

Mfamasia alimtazama mtu wa meza ya sita, ambaye alikuwa anachomoa kitambaa shingoni taratibu, tayari kuondoka.

"Mwongo ni mimi, baba," alisema. "Huyu ni dereva wetu, anasambaza dawa. Nilimwomba ajifanye Kijiko akuombe radhi. Niliona huwezi kuendelea vile. Kwa hiyo huyu mwingine..."

 Maneno yake mwenyewe ndiyo kwanza yalikuwa yanamfikia. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua tangu asubuhi kwamba Kijiko wa kwanza ni wa uongo, na hakuwahi kufikiria kwamba wa pili anaweza kuwa wa kweli.

Alimgeukia mchumba wake.

"Jumapili baba alipokuwa anasoma, nilikushika mkono. Ukauminya wangu. Nilidhani unamwonea huruma."

"Nilimwonea."

"Ulikuwa unajua ni maneno yako."

"Nilijua."

Hakumtukana wala hakulia. Alikwenda kukaa kando ya Bibi, akaweka mikono yake mapajani ambako hakuna mtu angeweza kuishika. Iliniuma hata mimi ninayewaandikia, na mimi ndiye niliyemkaribisha Kijiko katika hadithi hii.

Mzee Mwiko alianza kufungua aproni. Alifungua mkanda wa nyuma, akaivua kichwani, na Kijiko akajua kwamba inarudi kwenye msumari, na safari hii moja kwa moja.

Haikurudi. Mzee alivuka ukumbi, akamvisha Kijiko shingoni, akazunguka nyuma yake na kuufunga mkanda kwa nguvu.

"Miaka saba unatuandika sisi," alisema. "Jumamosi mchana katika mkahawa huu utapika wewe. Meza zote kumi na mbili, kila kilichoandikwa pale ubaoni. Msaidizi wangu nampa ruhusa ya siku nzima. Mimi nitakaa meza ya sita, nitakula, nitaandika, na gazeti lako litachapa neno kwa neno."

"Na samaki," alisema Mama Samaki kutoka mlangoni. "Apike na samaki. Tuone wake anaogelea vipi."

Mzee Mwiko aligeuka. Miaka kumi na moja hawajasemezana. Aliiangalia ile brashi, akamwangalia jirani yake usoni.

"Na samaki," alisema. "Mimi nitaziba pua. Wewe utanionjea, jirani."

"Nitakuonjea, jirani."

Kijiko alikohoa. "Mzee, na habari ya ndoa?"

"Itategemea nitakachoandika."

"Na mimi nitakuja," alisema Mfamasia bila kumwangalia. "Asubuhi sitakula kitu. Nitakuja na njaa."

Kijiko alikubali. Aliinamisha kichwa mara moja, kwa heshima, kama mtu aliyepewa adhabu nyepesi kuliko alivyotarajia, na dereva wa dawa akampigia makofi.

Ndugu wasomaji, kuna jambo gazeti limewaficha miaka yote hii, nami siwezi kuendelea kulibeba peke yangu. Kila siku ya maisha yake Bwana Kijiko amekula nje. Kwake lipo jiko, zuri, jipya, la gesi. Halijawahi kuwashwa. Ndani ya oveni yake amepanga viatu.